Mchanga Katika Herufi

Bibi Odilia alituachia vitu vitatu:
saa ya ukutani isiyosema kweli,
shamba dogo la vitunguu,
na kaburi la mtu tusiyemjua.

Kaburi haligawanywi kama shamba.
Lilimwangukia mama, kisha mimi,
kwa kuwa dada yangu ana magoti mabovu
na kaka yangu, akisema mwenyewe, hawezi kukaa kimya.

Basi kila mwisho wa Mei
napanda kilima cha Limburg kwa baiskeli,
ndoo ikining'inia kwenye usukani:
sponji, chupa ya maji,
mchanga wa pwani, bado una unyevu.
Matofaa yameshapukutisha maua.

Misalaba imejipanga hadi macho yachoke.
Siihesabu. Najua safu, najua hatua,
najua mti wenye kovu la radi.
Hodi, Wendell. Ni mimi tena.

Marumaru ni nyeupe mno,
jua likiipiga, jina linazama ndani ya weupe.
Ndiyo maana nalisugulia mchanga,
kidole kikishuka kwenye W kama kwenye mfereji,
kisha nafuta. Wa juu huondoka,
wa ndani hubaki,
na jina hutokeza
kama mtu aliyeitwa akaitika.

Wendell Haskett. Nebraska. Novemba 1944.
Jiwe linajua siku aliyokufa tu.
Siku aliyozaliwa tuliijua kwa barua ya mama yake,
aliyeandika mara moja, kwa penseli.
Hakuuliza kama mwanawe alikuwa shujaa.
Hakuuliza risasi ilipita wapi.
Aliuliza: Je, huko kuna upepo?
Wendell hakuwa akilala penye upepo.

Bibi alichukua wiki tatu kumjibu.
Alitaka kwanza kwenda kusikiliza:
asubuhi, adhuhuri,
na usiku mmoja wa mvua, peke yake,
kitambaa cha kichwa kimevuliwa, masikio wazi.

Alichojibu hatukukijua.

Sileti hotuba. Nazima simu.
Naipindua ndoo, naikalia robo saa,
nausikiliza upepo kwa niaba ya mwanamke
aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Nisidanganye: mawazo hutoroka.
Bei ya vigae. Jino la nyuma. Paka wa jirani.
Nayarudisha mmoja mmoja,
kama mwalimu wa chekechea barabarani.

Mwaka huu jina halikumalizika.
Jorrit wangu alitia saini mwezi Machi.
Ana miaka kumi na tisa. Akija likizo
buti zake hulala mlangoni zikitazama nje.
Nilipofika kwenye zile L mbili za mwisho,
zimesimama bega kwa bega,
wima, bila kupepesa,
kidole kiligoma.

Nilitaka kumuuliza Wendell jambo.
Nikajizuia. Amepumzika,
na swali lenyewe lilikuwa la mama, si la askari.
Robo saa ikawa saa nzima.
Mlinzi alipita na toroli la nyasi,
akaniona, akapunguza mwendo wa gurudumu
ili lisilie.
Sijui jina lake. Nitamshukuru mwakani.

Kisha nikasugua L.
Kisha L.

Mama Haskett, leo upepo ulikuwepo,
mdogo, wa kuinamisha nyasi tu.
Mtu angeweza kulala.

Jioni nilimenya viazi,
mchanga ukiwa bado chini ya kucha.
Jorrit akauliza nilichelewa wapi.
Kwa Wendell, nikasema.
Akaongeza chumvi kwenye sufuria, hakusema kitu,
chumvi nyingi mno.

Usiku, nyumba ilipolala,
nilizigeuza buti zitazame ndani.

Asubuhi nilizikuta zikitazama nje.